Butembo–Beni: Mbegu ya miiba haina miiba

BUTEMBO – Kila msimu wa kupanda unapokaribia, upande wa wauza mbegu katika masoko ya Butembo na Beni unajaa watu tangu asubuhi. Maharagi yamepangwa kwa rangi zake, mahindi kando, soya kando, ngano iliyoshuka kutoka milima ya Lubero iko ndani ya gunia lililofunguliwa mdomo. Pembeni, ndani ya vikaratasi vilivyokunjwa, kuna mbegu ndogo za mboga: lengalenga, kabichi, vitunguu, nyanya. Mlimaji anatia mkono ndani ya gunia, anainua kiganja, anapuliza vumbi, anaangalia. Dakika mbili zinatosha, halafu bei inaanza kuzungumzwa.

Ndani ya dakika mbili hizo jamaa nyingi huamua msimu wao wote. Maana katika kiganja kile hamna mbegu aliyokusudia kununua peke yake. Mna mawe madogo, vipande vya majani makavu, mbegu zilizotobolewa na wadudu, na mara nyingi mna mbegu za majani mabaya. Mawe yataonekana. Mbegu iliyotobolewa itaonekana. Mbegu ya majani mabaya inaweza kupita, kwa sababu ni nzima, ni safi, na kwa macho ni mbegu kama zingine.

Mimea yenye miiba ndiyo inayodanganya zaidi. Mtu yeyote aliyewahi kupalilia anaijua ikiwa imesimama shambani: jani linachoma, shina linachoma, mikono inatoka damu. Lakini mbegu yake haina mwiba hata mmoja. Ni laini, ndogo, na inalala kati ya mbegu njema bila kumchoma mtu. Mwiba utakuja baadaye, wakati pesa ya mbegu imekwisha kulipwa na mvua imekwisha kunyesha.

Majina mengi, mimea mbalimbali

Kosa la kwanza liko katika jina. Kwa Kiswahili watu husema tu "miiba", au "mbigili", au "mibaruti". Neno hilo la mwisho linajulikana na wasomaji wa Biblia, kwa kuwa limo katika Injili ya Mathayo, sura ya 7, pale Yesu anapofundisha kwamba mti hutambulikana kwa matunda yake. Lakini chini ya majina hayo machache imejificha mimea ambayo haina udugu wowote.

Kuna mibigili ya kweli, ile ambayo wataalamu wanaiweka katika jamaa moja na alizeti. Mmoja wao ni Carduus nyassanus, unaoota kwenye miteremko ya juu ya milima ya Virunga. Huko sokwe wa milimani, gorila, wanaula pamoja na miiba yake, na watafiti waliowafuata tangu miaka ya 1960 wameuandika kati ya vyakula vyao vikubwa. Kitu ambacho mlimaji anakiita adui, mnyama wa porini anakiita chakula.

Kuna mbaruti wenyewe, Argemone mexicana, uliotoka upande wa Meksiko na kuenea Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingi za joto. Majani yake yana miiba na mistari myeupe, kwa hiyo wengi wanafikiri ni mbigili. Si hivyo. Ua lake ni la manjano, na shina likivunjwa linatoa maji ya manjano. Mbigili wa kweli haitoi maji ya namna hiyo.

Kuna lengalenga ya miiba, Amaranthus spinosus, ndugu wa lengalenga inayopikwa nyumbani. Na kuna Datura, ambayo shina lake halina miiba, lakini tunda lake ni kama kadungudungu kadogo ka miiba mitupu.

Mimea minne, miiba ya namna nne, mbegu za namna nne. Anayesema "nimeona mbegu ya miiba" bado hajasema kitu.

Namna ya kuzitambua

Mbegu ya mbigili wa kweli ikiwa bado kwenye ua lake ni rahisi kuijua. Juu yake ina kishada cha nywele nyeupe kinachoipeperusha kwa upepo. Mwenye macho mazuri, au mwenye kioo cha kukuza, anaweza hata kutenganisha makundi mawili: mibigili ya kundi la Carduus ina nywele zilizonyooka tu, na ile ya kundi la Cirsium, ambayo ni mingi sana Ulaya, ina nywele zenye matawi madogo kama unyoya wa ndege.

Shida ni kwamba kishada hicho hukatika upesi. Mavuno yakipigwa kwa fimbo na kupepetwa kwa ungo, nywele zinakwenda na makapi na mbegu inabaki uchi. Hapo inabaki kutazama mwili wake: urefu wa milimita 3 hadi 4 hivi, laini, imebanwa kidogo ubavuni, mara nyingine imepinda kidogo, na juu kwenye kichwa ina kijipete kidogo mahali nywele zilipokuwa. Kijipete hicho ndicho alama ya kutafuta. Punje ya ngano haina.

Mbegu ya mbaruti ni ya namna nyingine kabisa. Ni duara, nyeusi au ya kahawia nzito, karibu milimita 2, kama punje za baruti ambazo jina lake linazikumbusha. Ukiitazama karibu, ngozi yake ina vishimo vilivyopangwa kama wavu. Inafanana na mbegu ya haradali, na kufanana huko kumeua watu. Mwaka 1998, katika mji wa Delhi huko India, mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya mbaruti yaliwavimbisha watu miguu na kudhoofisha mioyo yao. Watu zaidi ya 60 walikufa.

Mbegu ya Datura ni bapa, ina umbo la figo, rangi ya kahawia nzito hadi nyeusi, milimita 3 hivi, na ngozi yake ina vishimo vishimo. Hii nayo si habari ya mbali. Mwaka 2019, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, unga wa lishe uliogawanywa kama msaada na PAM, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula, ulikutwa na sumu ya mimea ya jamii ya Datura. Watu karibu 300 waliugua, na vifo 5 viliripotiwa. Kinywa kinakauka, macho yanafifia, mtu anaongea maneno yasiyoeleweka. Unga ukishasagwa hakuna jicho linaloweza kuitambua tena mbegu hiyo. Inatakiwa itolewe ikiwa bado nzima.

Halafu kuna ile ambayo kila mtoto wa Butembo anaijua bila kufundishwa: mbegu nyeusi, nyembamba, yenye urefu wa sentimita moja hivi na meno mawili au matatu kichwani, inayoshika suruali na sketi ukipita kando ya shamba. Ni Bidens pilosa, ambayo wengine huiita kishona nguo. Mmea wake hauna miiba, lakini mbegu yake ndiyo mwiba. Hiyo walau ni ya kweli: inajionyesha kama ilivyo. Ndani ya maharagi inaonekana upesi, na ungo unaitoa.

Lengalenga inayodanganya

Katika mbegu zote hizi, inayowasumbua zaidi akina mama wa mboga ni ya lengalenga ya miiba. Mbegu ya lengalenga ya kawaida, ile ya mboga, mara nyingi ni nyeusi, inang'aa, duara kama dengu ndogo sana, milimita moja hivi. Mbegu ya lengalenga ya miiba ni nyeusi au ya kahawia nzito, inang'aa, duara kama dengu ndogo sana, milimita moja hivi au pungufu kidogo. Maelezo hayo mawili ni karibu maneno yale yale, na ndiyo shida yenyewe. Ungo hautazitenga kwa sababu uzito ni mmoja. Maji hayatazitenga. Jicho la mtu aliyezaliwa shambani linaweza kushindwa.

Mama mmoja aliyekimbia kijiji chake katika eneo la Beni, akapokelewa na jamaa mjini, aliazimwa kipande cha shamba pembeni ya mji. Alichagua lengalenga kwa sababu haingoji: baada ya mwezi mmoja hivi mtu anaanza kuvuna, anafunga mafungu, anauza, watoto wanakula. Alinunua vikaratasi viwili vya mbegu. Ziliota vizuri, na majirani walimsifu. Wiki za kwanza hakuna aliyeona tofauti. Halafu, chini ya majani, pale jani linapoungana na shina, ikaanza kutoka miiba miwili miwili.

Si mimea yote iliyokuwa hivyo, labda theluthi moja. Lakini katika fungu la mboga mwiba mmoja unatosha. Mteja aliyechomwa kidole wakati wa kuosha majani hakurudi tena kwa mama huyo, na alimweleza na mwenzake. Majani machanga ya lengalenga ya miiba yanaweza kupikwa na kuliwa, na mama alijaribu kulisema hilo, ila sokoni maelezo hayauzi. Aling'oa ile ya miiba kwa mikono, mmoja mmoja, amefunga vidole kwa kitambaa.

Kilichomuumiza zaidi hakikuwa vidole. Mimea michache aliyoichelewa ilikuwa imekwisha kutoa maua na kuangusha mbegu. Mmea mmoja tu wa lengalenga ya miiba ukikua vizuri unaweza kutoa mbegu zaidi ya 100,000, na nyingine zinalala udongoni zikingojea mwaka mwingine. Mwenye shamba alikuja, akaona, akanyamaza, halafu akauliza nani atapalilia kipande hicho siku mama atakaporudi kwao. Alikuwa amemwazima udongo safi. Mama hakuwa na jibu la kumpa. Alijua kwamba ameacha deni ambalo halilipwi kwa franka.

Muuzaji wa mbegu naye, alipoendewa, hakukana. Alisema mbegu hizo aliziuziwa na mtu aliyetoka mbali, na mtu huyo alizipata kwa mwingine. Aliyezikata mbegu zile kutoka shinani hakuna aliyemjua.

Mbegu na mtu wake

Hapo ndipo kiini cha jambo hili. Kitabu kinaweza kufundisha umbo, rangi na urefu, na ni vizuri kijulikane. Lakini njia ya uhakika zaidi ya kuitambua mbegu ni ile ya wazee: kuijua ikiwa bado juu ya mama yake. Nyanya wa Lubero hakuhitaji kioo cha kukuza. Alichagua mashina mazuri yakiwa yamesimama, akayafunga uzi au kitambaa ili mtu asiyale, akavuna yale peke yake, akayakausha juu ya moshi wa jiko, akaweka mbegu katika kibuyu. Jirani alipomwomba mbegu, alipewa pamoja na habari zake: hii inataka udongo wa bondeni, hii inachelewa, hii ilitoka kwa shangazi yako. Mbegu ilikuwa na ukoo.

Vita vimekata ukoo huo. Tangu mauaji yalipoanza kushika kasi katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, vijiji vimehama, vimerudi, vimehama tena. Mtu anayekimbia usiku anabeba mtoto, sufuria, godoro kama ana bahati. Kibuyu cha mbegu kinabaki ukutani. Kusini ya Lubero nako mapigano yamewatoa walimaji wengi mashambani. Wanapofika Butembo, Beni au Oicha, wanaanza upya kwa mbegu ya soko, iliyochanganywa kutoka mashamba kumi yasiyojulikana. Inasemwa mara nyingi kwamba vita vinaleta njaa kwa sababu watu hawafiki mashambani. Inasemwa mara chache kwamba hata aliyefika shambani anaweza kuwa anapanda kitu asichokijua.

Serikali ina huduma yake ya mbegu, SENASEM, ambayo kazi yake ni kukagua mashamba ya mbegu, kupima na kutoa cheti. Kipimo chenyewe kinafuata kanuni zinazotumika duniani, zilizotungwa na shirika la ISTA lililoanzishwa mwaka 1924. Kwa ngano, mpimaji huchukua gramu 120 na kuzitenga punje kwa punje: mbegu safi upande huu, mbegu za mimea mingine upande huu, takataka upande huu. Kwa kutafuta mbegu za majani mabaya peke yake, anapekua kilo moja nzima. Kwa maharagi, ambayo punje zake ni kubwa, kipimo cha usafi ni gramu 700. Si kazi ya uchawi wala ya mashine kubwa. Ni meza, mwanga, kibano, na mtu mwenye subira.

Lakini mbegu yenye cheti ni ghali kwa mwenye kupanda kipande cha kuazimwa, na sehemu kubwa ya walimaji wanatumia mbegu waliyoihifadhi wenyewe au waliyoinunua kwa kopo. Kuwaambia wanunue mbegu ya cheti na kuondoka ni sawa na kumwambia mwenye njaa ale nyama. Jambo la maana ni kuishusha meza ile ya mpimaji mpaka sokoni.

Kinachowezekana

Kwa muuzaji na mnunuzi, mambo machache yanawezekana bila mradi wala mfadhili.

La kwanza, sahani nyeupe. Konzi moja ya mbegu ikimwagwa juu ya sahani nyeupe au karatasi, mahali penye mwanga wa jua unaotoka ubavuni, mbegu ngeni zinaonekana kuliko ndani ya kiganja chenye udongo. Rula ya mwanafunzi inapima milimita. Zile zisizofanana na wenzake ziwekwe kando na kuhesabiwa. Ukikuta mbili ndani ya konzi, gunia zima linaweza kuwa na mamia.

La pili, chupa ndogo. Chama cha walimaji kinaweza kuwa na mkusanyo wake: mbegu ya kila jani baya la eneo lao, iliyochumwa kutoka mmea wenyewe ukiwa umesimama, ikakaushwa na kuwekwa ndani ya chupa tupu ya dawa iliyooshwa vizuri, pamoja na karatasi yenye jina, mahali na mwezi. Chupa ya Datura iandikwe "sumu" na ikae mbali na watoto. Siku mbegu ngeni ikionekana, inalinganishwa. Wanafunzi wa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG, wako Butembo, na kazi kama hiyo ya kusaidia vyama ingewafaa wao na walimaji vilevile.

La tatu, kikopo cha kujaribu. Mbegu ya lengalenga isiyojulikana isimwagwe shambani siku ya kwanza. Ioteshwe kidogo ndani ya kikopo chenye udongo nyumbani. Kuota inaota ndani ya siku chache, ila miiba inataka wiki kadhaa. Ni kungoja, na mwenye njaa hapendi kungoja. Lakini anaweza kujaribu ya msimu ujao wakati anavuna ya msimu huu.

La nne, na ndilo gumu, ni swali. Mnunuzi amwulize muuzaji: mbegu hii ilivunwa wapi, na nani, mwezi gani? Muuzaji akijua kwamba ataulizwa, naye atamwuliza aliyemletea. Karatasi ndogo ndani ya gunia, yenye jina la kijiji na msimu, haigharimu kitu, na inaanza kumrudishia mbegu ukoo wake.

Wako wanaosema kwamba katika mji ambapo watu wanahesabu waliokufa, kuhesabu mbegu juu ya sahani ni mchezo. Mama wa lengalenga hasemi hivyo. Mwenye shamba alimruhusu kubaki msimu mmoja zaidi, kwa sharti kwamba apalilie kipande chote kila wiki na asiache mmea wowote wa miiba ufikie maua. Amekubali. Watu husema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini wa kwake hakujichoma mwenyewe, aliuziwa akidhani ni mboga.

Safari hii mbegu za kupanda hakuzinunua. Alizichuma kutoka mashina kumi na mawili ya lengalenga laini aliyoyachagua yeye, akayafunga uzi mwekundu, na kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni anapitisha vidole chini ya majani yake.